Pini ya ringi imetoka, pistoni imeliwa: soma vyuma kwanza kabla hujanunua spea

Mtu akifungua injini ya tu-stroki ya mbio akakuta ringi (ule mviringo wa chuma unaoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) imekatika na kile kipini kidogo cha ringi hakipo, jibu la kwanza utakalosikia gereji ni "pistoni feki hiyo" au "oili haikutosha", basi inaagizwa pistoni nyingine, inafungwa, na baada ya mbio mbili tatu mzigo unarudi vilevile. Sikatai, pistoni feki zipo na zimejaa. Ila kile kipini mara chache sana kinakufa chenyewe, kuna kitu kimekigonga au kimekipasha moto kupita kiasi au kimekilegezea nafasi yake, na hicho kitu lazima kimeacha alama mahali, kazi yako ni kuitafuta ile alama kabla hujaosha chochote na petroli.

Naongelea hizi injini za motokrosi za cc 125 na 250, Yamaha YZ, KTM SX, Honda CR za zamani, na zile ndogo za watoto za 50, 65 na 85, karti za Rotax nazo ni ukoo huohuo. Mwenye mashine ya boti ya tu-stroki huko pwani naye asome tu, pistoni yake ina vipini hivihivi, sema yeye hazungushi injini mpaka mizunguko 12,000 kwa dakika.

Kipini chenyewe ni kipande cha chuma chembamba, unene kama milimita moja na nusu hivi, kimegongewa ndani ya mfereji wa ringi, na ncha mbili za ringi zinakikumbatia. Kwenye injini ya foo-stroki ringi inaachwa izunguke inavyotaka maana ukuta wa silinda hauna matundu, lakini tu-stroki ukuta wake una madirisha, poti ya ekzosi mbele, za pembeni kulia na kushoto, na nyingine nyuma, sasa ncha ya ringi ikitokea ikapita kwenye dirisha inachomoza nje, pistoni ikirudi ncha inagonga ukingo wa poti, na hapo ndo story inaisha. Kipini kazi yake ni kuzishika zile ncha zipite sehemu yenye ukuta mzima, kwa 125 nyingi ni upande wa nyuma, pembeni kidogo ya ile poti ya nyuma. Usichanganye na pini kubwa ya pistoni inayoshika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ile ina matatizo yake, nitaigusa mbele.

Dalili kabla hujafungua

Mara nyingi dereva atakwambia mambo matatu: kiki imekuwa laini, pikipiki imepungua nguvu za juu ila chini bado inavuta, au kuna kimlio cha tik tik tik kinachofuata mzunguko wa injini. Kiki ikilegea polepole kwa wiki kadhaa hiyo ni ringi kuchoka, kawaida tu. Ikilegea ghafla ndani ya mbio moja, simama. Usiseme ngoja nimalizie raundi mbili, maana hapo ringi ishaanza kukatika au ishajikwama kwenye mfereji na kila mzunguko unaongeza gharama, kutoka pistoni kwenda silinda kwenda krenki, ile shafti inayozunguka chini.

Kuna kitu rahisi ambacho watu wengi hawafanyi, toa ekzosi, mulika na tochi kwenye poti huku unasukuma kiki kwa mkono taratibu. Utaiona ringi inapita pale dirishani. Ibonyeze na kijiti cha mbao au plastiki, usitumie bisibisi, kama inabonyea na kurudi ni nzima, kama imeganda haichezi imejam kwenye mfereji wake. Na kama umeona ncha ya ringi pale kwenye poti ya ekzosi, yaani ile sehemu ringi ilipokatwa, hapo huna haja ya kujiuliza tena, kipini hakipo au pistoni imefungwa kinyume. Fungua.

Ukishafungua, usioshe

Kabla pistoni haijatoka kwenye konrodi weka alama na kalamu mbele ni wapi, mshale unaangalia wapi, piga picha pistoni pande zote nne, piga picha silinda kwa ndani, kusanya vipande vyote weka kwenye kikopo. Halafu tafuta kipini. Kuna majibu manne tu: kipo sawa, kipo lakini kimechomoza, kimezama ndani, au hakipo. Kila jibu lina njia yake.

*Kipini kimechomoza.* Hii ndo rahisi kuisoma maana silinda itakuwa na mstari mmoja, mmoja tu, umenyooka kutoka juu mpaka chini, mwembamba, palepale kipini kilipokuwa kinapita. Mikwaruzo ya kujam inakuwa mipana na inapaka aluminiamu ukutani, huu ni mchoro wa kitu chenye ncha. Ukiona hivyo angalia tundu la kipini, kama bado ni duara zuri basi kipini hakikugongewa vizuri kiwandani na hapo kweli laumu pistoni. Lakini kama tundu limekuwa refu kwenda pembeni, yaani yai, basi ringi ilikuwa inakigonga kipini kulia kushoto mpaka kikalegea, ni kama msumari kwenye ukuta wa udongo, hautoki kwa kuvutwa, unatoka kwa kutikiswa kila siku.

*Kimezama au hakipo kabisa.* Hapa ringi ilipata uhuru wa kutembea. Angalia ncha za ringi zilizobaki, zile zinazokikumbatia kipini, kama zimefutuka na kung'aa zimegongwa muda mrefu, kama zimekatika safi rangi ya kijivu imetokea mara moja. Halafu linganisha pale pistoni ilipovunjika ukingo na poti iliyo mbele yake, patakuwa na ukingo wa poti uliomeguka, hapo ndo ncha iliponasa. Ukitoka hapo ndo unajiuliza kwa nini tundu lililegea, na sababu kubwa ninazozijua ni mbili, mzunguko wa juu kupita kiasi, na joto.

Tuanze na mzunguko. 125 yenye stroki ya milimita 54.5 ikiwa 12,000 kwa dakika, pistoni inafika juu mara 200 kila sekunde, na pale juu inapogeuka inavutwa kwa nguvu inayozidi mara 5,000 ya uzito wake. Yaani kila gramu moja ya ringi pale inajifanya kilo tano na zaidi. Kawaida gesi ya mlipuko inaibana ringi chini kwenye sakafu ya mfereji, lakini mzunguko ukizidi ringi inanyanyuka kabla presha haijafika, inaanza kupigapiga ndani ya mfereji, haizibi tena, gesi moto inapenya chini yake na kipini kinapokea kipigo. Ringi nyembamba ya milimita 1 inavumilia mzunguko mkubwa kuliko nene ya 1.5, ndo maana za mbio zote ni nyembamba. Dalili zake ni mfereji uliopanuka kwa juu au chini, rangi ya kahawia imeshuka chini ya ringi kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), na ncha za ringi zimefutuka. Mtu aliyebadilisha CDI, kile kisanduku cha umeme kinachopanga cheche ya plagi, ili injini ifunguke zaidi juu bila kugusa kitu kingine, huyu ndo mteja wa kwanza. Na wa pili ni yule aliyepitisha masaa ya pistoni, maana mfereji ukishachoka ringi inapata nafasi ya kucheza hata kwa mzunguko wa kawaida. Pistoni ya 125 ya mbio inahesabiwa kwa masaa, habari za "nimeifunga mwaka jana tu" hazisaidii.

*Kipini kipo, kizima, lakini ringi imekatika.* Hapa asilimia kubwa ni mkono wa fundi, samahani kama nakugusa. Angalia mshale wa pistoni, lazima uangalie ekzosi, ukifunga kinyume kipini kinaenda mbele na ncha za ringi zinapita kwenye dirisha kubwa kuliko yote, haichukui muda. Angalia ringi kama imefungwa juu chini, zile zenye umbo la mteremko upande mmoja zina alama ndogo ya herufi au namba na alama inaangalia juu, ukigeuza ncha hazikai vizuri kwenye kipini. Halafu kuna lile kosa la kuingiza silinda, umeshuka nayo, imegoma kidogo, ukaizungusha kushoto kulia ili iingie. Usizungushe silinda! Ukizungusha ncha ya ringi inachomoza kwenye poti, au inapanda juu ya kipini, ukisukuma unasikia kat kidogo unadhani imeingia kumbe umeshaipinda. Inashuka imenyooka, ringi umeibana kwa vidole, ncha ziko kwenye kipini umeziona kwa macho.

Na nafasi kati ya ncha. Ukiingiza ringi peke yake ndani ya silinda ukaisawazisha na pistoni, pima na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Silinda ya kipenyo cha milimita 54 isishuke chini ya kama milimita 0.2, na manyuali nyingi zinataka zaidi ya hapo, fuata ya injini yako. Ikiwa ndogo, ringi ikipata moto inarefuka, ncha zinakutana na kipini kabla hazijamaliza kurefuka, ringi inajikaza ukutani na kitu kimoja lazima kikubali, ringi, kipini au ukuta. Utaziona ncha zimeng'aa pande zote mbili na silinda imekwaruzwa duara zima.

Silinda nayo ishtakiwe

Silinda ikitoka kuchongwa au kupakwa nikasil (kipako kigumu cha ukuta wa silinda) upya, kingo za poti zinakuwa kali kama hazikuzungushwa kwa msasa. Pitisha ukucha, ukikwama hata kidogo ringi nayo inakwama. Dalili yake ni ringi yenye vijialama vidogo usoni mwake vilivyolingana na upana wa poti, kipini bado kizima, mpaka siku kitakapochoka.

Halafu kuna wale wanaopanua poti ya ekzosi ili wapate nguvu za juu. Poti moja isiyo na nguzo katikati, upana wake ukivuka kama asilimia 70 ya kipenyo cha silinda unatafuta ugomvi, kwa 54 hiyo ni karibu milimita 38, ringi inachomoza sana pale dirishani na kila mara inapigwa kurudishwa ndani. Binafsi naona mtu wa mbio za klabu hana sababu ya kufika huko, kabureta iliyosetiwa vizuri inampa zaidi.

Zile zenye nguzo katikati ya poti zina ugonjwa wao, nguzo haina maji ya kutosha nyuma yake, ikipata moto inavimba kuelekea ndani na kuisugua pistoni. Utaona mstari mpana mmoja katikati ya uso wa mbele wa pistoni, palepale nguzo inapopita, kwingine pistoni nzuri kabisa. Dawa yake ni kuisugua nguzo kidogo sana irudi nyuma, na kutoboa matundu mawili madogo kwenye pistoni chini ya ringi yanayopita katikati ya nguzo, kipenyo kati ya milimita 1.5 na 2.3, ili oili ifike. Kingo za matundu zilainishwe. Pistoni nyingi za kufoji, yaani zilizofuliwa badala ya kumiminwa, zinakuja na karatasi inayosema hivi, karatasi inatupwa na boksi.

Usisahau pawa valvu, ile valvu inayobadilisha ukubwa wa poti ya ekzosi kufuata mzunguko. Silinda ikishaongezwa saizi, ule ulimi wa pawa valvu unabaki na urefu wake wa zamani, sasa unachungulia ndani. Ikitokea unaipiga pistoni utaona alama iliyonyooka upande wa ekzosi, yenye upana sawa na ulimi. Nimeona watu wakibadilisha pistoni na kuiacha pawa valvu ikiwatazama.

Joto

Hapa ndo penye mambo mengi na ndo watu wanapachanganya, maana pistoni iliyokufa kwa joto mwishoni inaonekana vilevile, imeliwa. Soma ilikoanzia.

Ukiona juu ya pistoni pembezoni pana vishimo vidogovidogo, ukingo umemeguka kuelekea ringi, mafuta yalikuwa yanalipuka vibaya kabla moto wa plagi haujafika, petroli duni, taimingi ya cheche iko mbele sana, au kompresheni imezidi baada ya kukata silinda hedi. Yale mapigo yanabana mfereji wa ringi, ringi inaganda, na kipini kinatikiswa kutoka juu. Tundu katikati ya pistoni ni tofauti, hapo kuna kitu kilikuwa kinawaka chenyewe, mara nyingi plagi ya joto lisilo lake.

Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake, petroli ilikuwa kidogo kwa hewa iliyokuwa inaingia. Mikwaruzo sehemu nne zilizosimama, pembe nne za pistoni, ilikimbizwa bado baridi, pistoni imevimba silinda bado, na hii kwa pistoni za kufoji ni kubwa zaidi. Mikwaruzo duara zima, oili. Sketi ya upande wa nyuma imekuwa ya kijivu, haing'ai, imelika, vumbi limepita kwenye filta, na vumbi la motokrosi ukijumlisha na oili ni msasa kabisa, linakula mfereji wa ringi pia. Sehemu moja ya juu ya pistoni imeoshwa safi inang'aa, maji yanapenya kwenye gasketi ya hedi.

Ukisema petroli kidogo usikimbilie jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Kwanza hewa inayoingia kwa wizi. Sili ya krenki upande wa magneto ikichoka inanyonya hewa na hutaona kitu kwa nje, injini inakuwa tu haishuki mzunguko ukiachia gesi, inaning'inia juu. Sili ya upande wa klachi inanyonya oili ya gia boksi, moshi mweupe na oili inapungua. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta, jaza hewa kama psi 6, yaani 0.4 ba hivi, ikae dakika sita, isipungue zaidi ya psi moja kwa dakika. Ikipungua paka maji ya sabuni utaona inapotokea. Bila kufanya hii, kubadilisha jeti ni kubahatisha.

Halafu mwinuko, na hii inatuhusu sisi sana. Nairobi iko karibu mita 1,700, Arusha kama 1,400, hewa ya huko ni nyepesi, Nairobi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na usawa wa bahari, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa Jamhuri, hukohuko Nairobi, imewekewa jeti ndogo, ukiipakia kwenye pikapu ukaishusha Mombasa au Dar bila kuongeza jeti kuu, hewa imeongezeka mafuta yamebaki yaleyale, na mtu anaishika gesi mpaka mwisho kwenye mstari mrefu. Pistoni inajieleza yenyewe. Kinyume chake, kupandisha, utapata tu plagi nyeusi na injini nzito, haiui.

Na kuongeza oili kwenye petroli "ili iwe salama" kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti ileile, kwa hiyo ukibadilisha kutoka 1:40 (oili moja kwa petroli arobaini) kwenda 1:30 jeti nayo iangaliwe.

Pini kubwa na saklipu zake

Mifereji miwili mirefu kulia na kushoto kwa silinda, usawa wa pini ya pistoni, hiyo ni saklipu, kile kiwaya kinachozuia pini isitoke pembeni, imetoka, haihusiani na ringi kabisa hata kama ringi nayo imevunjika baadaye. Saklipu haitumiki mara mbili. Mdomo wake uangalie juu au chini moja kwa moja, ukiuweka pembeni pistoni ikigeuka inaibana yenyewe na kuitoa. Na kama saklipu ilikuwa mpya na imefungwa vizuri lakini imetoka bado, pima konrodi kama imepinda na big endi (ncha yake ya chini, kwenye krenki) kama inacheza kwa juu na chini, maana konrodi iliyopinda inaisukuma pini pembeni kila mzunguko.

Kabla ya kufunga nyingine

Kipande cha kipini kilichopotea hakijayeyuka. Kinaweza kuwa kwenye krenki, na hapo kumwaga petroli na kuitikisa haitoshi kama beringi zinasikika zikikwaruza, krenkikesi, yaani kasha la krenki, ipasuliwe. Kinaweza kuwa kwenye njia za poti za pembeni. Na kinaweza kuwa kwenye ekzosi, watu wanasahau kwamba tu-stroki mawimbi ya ekzosi yanarudi nyuma, kwa hiyo igeuze, igonge na nyundo ya mpira, mulika ndani.

Silinda ya nikasil iliyopakwa aluminiamu inaweza kusafishwa na asidi ya haidrokloriki kidogo kwa pamba, glavu na hewa safi lazima, lakini ukiona nikasil yenyewe imetoboka acha, asidi itakula aluminiamu ya chini yake, na silinda hiyo tayari ni ya kupakwa upya. Slivu ya chuma (silinda isiyo na nikasil) unahoni tu, yaani unaisugua kwa mawe ya msasa, na kupima kama imepitiliza.

Pistoni mpya yenyewe ikague kwa kioo cha kukuza. Kipini kikae chini ya uso wa pistoni, tundu lisiwe na ufa. Weka ringi, zibonyeze ncha kwa kidole pale kwenye kipini, ringi yote izame mpaka isawe na uso wa pistoni au chini kidogo. Isipozama, usiifunge hata kama mbio ni kesho asubuhi. Ikizama, funga, ipashe moto na uiache ipoe mara mbili tatu bila kuikimbiza, kaza tena nati za hedi ikiwa baridi, na baada ya mazoezi ya kwanza toa ekzosi, mulika, zungusha kiki taratibu, uangalie kama ncha za ringi hazijaja mbele.